Uturuki inawezaje kusimama kati ya NATO na Urusi, na sisi Tanzania tujifunze nini?

Mwalimu wa Nzuguni, Dodoma (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma, na katika maandalizi ya mdahalo wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo nisingependa kulijibu juu juu. Nimeona nilifikishe kwenu, kwani najua humu wamo watu walioyafuatilia mambo haya kwa miaka mingi.

Swali linaihusu Uturuki. Nchi hiyo imo NATO, jumuiya ya kujihami ya nchi za Magharibi, tangu mwaka 1952, na kwa idadi ya askari jeshi lake ni la pili katika jumuiya hiyo baada ya lile la Marekani. Pamoja na hayo, mwaka 2017 ilikubaliana na Urusi kununua mitambo ya S-400 ya kutungulia ndege na makombora, ambayo ilianza kuwasili Julai 2019, na kituo chake cha kwanza cha kufua umeme wa nyuklia, kile cha Akkuyu katika mwambao wa Mediterania, kinajengwa na shirika la Rosatom la Urusi. Majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine Februari 2022, jeshi la Ukraine lilikuwa tayari na ndege zisizo na rubani aina ya Bayraktar TB2 zilizonunuliwa Uturuki. Serikali ya Ankara iliunga mkono azimio la kuilaumu Urusi katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ikakataa kuiwekea vikwazo vya kiuchumi, ikaendelea kununua gesi yake, na bado mwezi Machi mwaka huohuo mawaziri wa mambo ya nje wa nchi zote mbili zinazopigana walikubali mwaliko wake wakakutana Antalya.

Baadhi ya wanafunzi wanasema huo ni werevu wa kiongozi mmoja, Recep Tayyip Erdoğan. Wengine wanasema ni undumilakuwili unaovumiliwa kwa sababu hakuna mwenye ubavu wa kuukemea. Majibu yote mawili hayaniridhishi, maana la kwanza linamgeuza mtu mmoja kuwa ndiye sera yote ya nchi, na la pili halielezi huo ubavu wa Uturuki umetoka wapi.

Jambo lenyewe haliko mbali nasi. Reli ya SGR iliyoanza kuleta abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam Julai 2024 imejengwa na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi. Vichwa vya umeme, pamoja na treni ambayo wananchi wameizoea kwa jina la mchongoko, vimetengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Mkopo mmoja mkubwa wa kujenga reli hiyo hadi Makutupora uliratibiwa na benki ya Standard Chartered, huku mashirika ya serikali za Denmark na Sweden yakiwa wadhamini, na vipande vya Mwanza–Isaka na Tabora–Kigoma wamekabidhiwa wakandarasi wa China. Reli moja, na ndani yake kuna mwanachama wa NATO, mshirika wa Marekani wa Asia, nchi mbili za Ulaya Kaskazini na China yenyewe.

Naomba basi mnisaidie. Uturuki imeupata wapi uwezo wa kukataa bila kufukuzwa? Gharama yake analipa nani? Na je, lipo lolote ambalo nchi ya ukubwa wetu inaweza kulichukua kutoka huko, au tunalinganisha visivyolingana? Naomba kuwasilisha.

Msomaji wa Makole, Dodoma

Mwalimu, ahsante kwa mada iliyopangwa vizuri. Nitaanzia nyuma kidogo, kwa sababu anayeanza habari hii na Erdoğan hawezi kuielewa.

Msingi wa kwanza ni mkataba wa Montreux wa mwaka 1936, ambao uliikabidhi Uturuki usimamizi wa Bosphorus na Dardanelles, njia pekee ya meli kuingia na kutoka Bahari Nyeusi. Mkataba huo unasema kwamba wakati wa vita ambavyo Uturuki si mshiriki, meli za kivita za nchi zinazopigana haziruhusiwi kupita, isipokuwa zile zinazorejea kwenye bandari zao za asili. Mwishoni mwa Februari 2022 Uturuki ilitamka kwamba yanayotokea Ukraine ni vita, na tamko hilo ndilo lililoufungua mlango wa kutumia kifungu hicho. Tazama matokeo yake. Urusi, baada ya kuipoteza manowari yake Moskva mwezi Aprili, haikuweza kuleta nyingine kutoka nje ili kuziba pengo. Lakini Uturuki ilizishauri nchi zote, na si zinazopigana tu, zisipitishe meli zao za kivita, kwa hiyo meli za NATO nazo zikabaki nje, na hilo lilikuwa faraja kwa Urusi. Kwa uamuzi mmoja uliosimama juu ya sheria ya miaka zaidi ya 80, kila upande ulipata hasara na kila upande ulipata nafuu, na hakuna aliyeweza kudai kwamba Uturuki imevunja ahadi. Hicho ndicho kitu ambacho ningependa wanafunzi wako wakitazame kwa muda mrefu kuliko hotuba yoyote ya kiongozi.

Msingi wa pili ni jeraha. Mwaka 1964 Rais Johnson wa Marekani alimwandikia Waziri Mkuu İsmet İnönü barua kali, akimwonya kwamba Uturuki ikiingia Cyprus kijeshi na Wasovieti wakajibu, isidhani kuwa washirika wake wa NATO watalazimika kuitetea. Uturuki iliingia Cyprus miaka kumi baadaye, na Bunge la Marekani likaiwekea vikwazo vya silaha kuanzia mwaka 1975 hadi 1978. Mwaka huohuo wa 1975 likaanzishwa shirika la Aselsan la kutengeneza vifaa vya kielektroniki vya jeshi. Bayraktar tunazozisikia leo zimetengenezwa na kampuni nyingine, ya binafsi, lakini zimeota katika shamba lililolimwa tangu miaka ile, wakati taifa lilipojifunza kwamba mshirika anaweza kukunyima risasi siku unayozihitaji. Kilichoonekana mwaka 2022 kilichukua zaidi ya miaka 40.

Sasa gharama, maana umeuliza na wengi hulikwepa. Novemba 2015 Uturuki iliitungua ndege ya kivita ya Urusi karibu na mpaka wa Syria. Urusi ilijibu kwa kuzuia nyanya na mazao mengine ya Kituruki na kusitisha safari za ndege za kukodi za watalii, na waliolia ni wakulima na wenye hoteli, hadi Erdoğan alipomwandikia Putin barua ya kusikitikia tukio hilo Juni 2016. Upande wa pili, S-400 ziliiondoa Uturuki katika mradi wa ndege za kivita za F-35 unaoongozwa na Marekani, mradi ambao ilikuwa mshirika wake, ikitengeneza baadhi ya vipuri na kupanga kununua ndege 100, na Desemba 2020 Marekani ikaiwekea vikwazo taasisi yake ya ununuzi wa silaha. Mfumko wa bei ulipita asilimia 85 Oktoba 2022. Nakiri kwamba sehemu kubwa ya mfumko huo ilitokana na uamuzi wa ndani wa kushusha riba wakati bei zinapanda, wala si adhabu kutoka nje, lakini ni vigumu kujisifu kwa uhuru wa sera ya nje huku sarafu ya mshahara wa mwalimu ikiyeyuka.

Na bado wanajua kuuza. Sweden iliomba kujiunga na NATO Mei 2022. Bunge la Uturuki halikuidhinisha hadi tarehe 23 Januari 2024, na siku tatu baadaye serikali ya Marekani ilitangaza kuridhia mauzo ya ndege za F-16 zenye thamani ya takriban dola bilioni 23. Ndiyo maana napingana na wanafunzi wanaosema ni kipaji cha mtu mmoja. Uturuki ina mlango wa bahari, ina jeshi, ina viwanda, na ina kura ya turufu ndani ya jumuiya ambayo wakubwa wanaihitaji. Kiongozi yeyote mwenye vitu hivyo angesikilizwa, ingawa si kila kiongozi angevitumia kwa uthubutu huo.

Mama wa Alizeti, Singida

Mwalimu na ndugu wengine, nawasalimu kutoka Singida. Nina mashine ya kukamua alizeti, kwa hiyo nitasema ninalolijua, na naomba lisionekane kuwa nje ya mada.

Ukraine na Urusi ndizo nchi mbili zinazoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Vita vilipoanza, bei ya mafuta ya kula katika soko la dunia ilifikia kilele ambacho hakijawahi kuonekana, mwezi Machi 2022, na sisi ambao nchi yetu huagiza sehemu kubwa ya mafuta inayotumia tuliiona dukani. Kisha tarehe 22 Julai 2022 ukatiwa saini Istanbul ule mkataba wa kupitisha nafaka Bahari Nyeusi, kati ya Umoja wa Mataifa, Uturuki, Urusi na Ukraine, ingawa Urusi na Ukraine zilisaini kila moja karatasi yake. Meli ya kwanza ilitoka Odesa tarehe 1 Agosti, na hadi Urusi ilipojitoa Julai 2023 zilikuwa zimepita karibu tani milioni 33 za chakula, mafuta ya alizeti yakiwemo.

Kwa mama wa mjini anayekaanga maandazi, kushuka kwa bei kulikofuata kulikuwa nafuu, na simwonei wivu. Kwa mkulima wa Iramba, Mkalama au Kongwa aliyeitikia wito wa kupanua shamba la alizeti bei ilipokuwa juu, nafuu hiyohiyo ilimkuta na magunia ndani ya nyumba. Ushuru wa mafuta yanayoingizwa nchini nao una sehemu yake kubwa, na huo unaamuliwa hapo kwenu Dodoma, si Istanbul. Ninachotaka kusema ni kwamba nchi ya kati ilikaa mezani na wakubwa, ikapata sifa inayoistahili kwa kuwaepusha watu wengi na njaa, na mkulima wa Singida aliguswa na uamuzi huo bila kuwa na mtu yeyote pale aliyeijua bei ya gunia lake. Mwalimu ameuliza gharama analipa nani. Wakati mwingine analipa mtu ambaye hata hakujua kwamba kuna mkutano.

Kwa hiyo wanafunzi wanapojadili sera ya nje, naomba wajadili pia kama balozi zetu zinaleta habari za masoko mapema kiasi cha kumsaidia mkulima kuamua apande nini kabla ya mvua za Desemba. Tumeimba diplomasia ya uchumi tangu sera ya mwaka 2001, na ni jambo jema, lakini huku vijijini mtu anaipima kwa taarifa inayomfikia.

Mstaafu wa Kikuyu, Dodoma

Mwanangu Mwalimu, nimesoma yote kwa makini na nimeyapenda, ila nina shaka na namna swali lilivyowekwa. Kwa nini tuende Ankara kutafuta shule wakati tuliwahi kuwa na shule yetu?

Baada ya Muungano wa mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilitutaka tuifukuze Ujerumani Mashariki iliyokuwa imetambuliwa na Zanzibar. Tulipoiruhusu ya Mashariki kuwa na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, ile ya Magharibi iliondoa ghafla msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na msaada mwingine wote. Mafunzo ya jeshi la anga yakaenda kwa Kanada. Desemba 1965 tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao haukuwa na riba, na uhusiano haukurudi hadi mwaka 1968. Hatukuwa na Bosphorus wala kiwanda cha bunduki. Tulikuwa na nchi maskini ambayo bajeti yake ilitegemea wageni, na tulisema hapana.

Halafu tazama njia ya kwenda Zambia. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860, walijenga Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kusema mradi hauna faida. Barabara kuu inayoelekea hukohuko ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia. Bomba la mafuta la TAZAMA walijenga Waitaliano. Njia moja, wakubwa watatu, na katika miaka ambayo Marekani na China zilikuwa hata hazibadilishani mabalozi.

Tofauti yangu na mwanangu Msomaji ni hii. Uturuki inapata heshima kwa kuwa kila mmoja anajua ina bei. Sisi tuliheshimiwa kwa sababu ilijulikana mapema ni mambo gani hayana bei: ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na haki ya kuchagua marafiki wetu wenyewe. Mgeni alikuja akijua mpaka uko wapi, hakuhitaji kuupima kila mwaka.

Msomaji wa Makole, Dodoma

Shikamoo mzee wetu. Nakubaliana na historia yako yote, na sina ugomvi na heshima tuliyokuwa nayo, lakini naomba niongeze sehemu ambayo haisemwi sana. Msimamo ule ulituletea reli, lakini haukutupatia uwezo wa kuitunza. Kwa miongo mingi TAZARA imebeba sehemu ndogo tu ya mzigo iliyojengwa kuubeba. Septemba 2024, kule Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Hakainde Hichilema wa Zambia walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya awali ya kuifufua, tena kwa fedha na kampuni za China. Uhuru wa kusema hapana, usipofuatwa na mafundi, vipuri na hesabu safi, hurudi kuombwa upya kwa mtu yuleyule.

Na sasa hivi mambo yamechangamka upya. Marekani na Umoja wa Ulaya zinaisaidia reli ya Lobito inayopitia Angola, ili shaba na kobalti ya Kongo na Zambia iende bahari ya Atlantiki, wakati TAZARA inaileta Dar es Salaam, na SGR ikifika Kigoma itaikaribia Kongo kwa upande wa ziwa. Hapa ndipo ninapolijibu swali la tatu la Mwalimu. Hatulingani na Uturuki kwa jeshi wala kwa viwanda, lakini tuna bandari na njia ambazo nchi zisizo na bahari nyuma yetu zinazihitaji, na wakubwa wote wanazitaka zile shaba. Uturuki haikuiuza Bosphorus kwa yeyote, iliishikilia kwa sheria inayomhusu kila mtu. Kama tutaziendesha njia zetu hivyo, kwa bei na masharti yaliyo wazi kwa Mchina, Mmarekani na Mwarabu sawasawa, tutasikilizwa. Kama kila njia itakuwa na mwenyewe wake wa kigeni na mkataba ambao haufahamiki, tutakuwa uwanja ambao wengine wanachezea.

Mwalimu wa Nzuguni, Dodoma (mleta mada)

Nawashukuru sana nyote, na Mama wa Alizeti kwa namna ya pekee, kwani upande ule wa mkulima haukuwamo kabisa katika maandalizi yetu.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi watalibana. Tarehe 2 Machi 2022, azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine lilipata kura 141 za ndiyo, 5 za hapana, na nchi 35 hazikuchagua upande, Tanzania ikiwemo pamoja na nchi nyingine 16 za Afrika. Uturuki ilipiga kura ya ndiyo. Je, kujizuia kule ndiyo kutofungamana na upande wowote kulikofundishwa na Mwalimu Nyerere, au ni kitu kingine?

Mstaafu wa Kikuyu, Dodoma

Marahaba mwanangu Msomaji, na hoja yako ya matunzo naipokea bila kinyongo.

Mwalimu, kutofungamana hakukuwa na maana ya kunyamaza. Tulipiga kelele kuhusu Rhodesia, kuhusu Vietnam, kuhusu kiti cha China Umoja wa Mataifa, na marafiki zetu wengine walikasirika. Tulichokataa ni kuamriwa na mtu mwingine ni lini tuseme na ni lini tunyamaze. Kwa hiyo kura ya kujizuia inaweza kuwa ya heshima au ya woga, na huwezi kujua ni ipi mpaka usikie sababu zake. Majirani zetu Kenya walipiga kura ya ndiyo, na siku chache kabla ya hapo, tarehe 21 Februari, balozi wao Martin Kimani alikuwa ameeleza katika Baraza la Usalama kwa nini: kwamba Afrika ilirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, ikaamua kuishi nayo badala ya kuibadili kwa vita kila penye ndugu ng'ambo. Dunia nzima ilimsikiliza.

Hoja ile ilitoka kwetu. Mkutano wa wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliofanyika Cairo Julai 1964 ndio uliopitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na aliyeliwasilisha alikuwa Nyerere. Tulikuwa na kila sababu ya kulisoma tena mbele ya dunia mwaka 2022, hata kama baada ya kulisoma tungeamua kujizuia kwa sababu tunataka mazungumzo na hatupendi vikwazo. Isitoshe, mfano wa Uturuki unaonyesha kwamba kusema wazi hakufungi mlango: ilipiga kura dhidi ya Urusi mwezi Machi, na mwezi Julai waziri wa ulinzi wa Urusi, Sergei Shoigu, alikuwa Istanbul akitia saini mkataba wa nafaka mbele ya Erdoğan. Wanafunzi wako wanaweza kuitetea kura yetu au kuipinga, lakini upande wowote watakaochagua, wape kwanza azimio la Cairo walisome, kisha waambie waandike ile hotuba ambayo balozi wetu angeweza kuitoa siku ile.